Tabora: Reli Iliyofuata Nyayo za Wapagazi

Treni ya Reli ya Kati itokayo Dar es Salaam ikifika Tabora, haiendelei ikiwa nzima. Mabehewa ya Mwanza hukatwa na kuvutwa kaskazini, ya Kigoma hushika njia ya magharibi, na abiria wa Mpanda nao wana treni yao ya kusubiri. Kupangapanga huko huchukua muda. Wenyeji wa safari wakisikia mabehewa yakigongana hujigeuza tu kwenye viti na kuendelea kulala; mgeni ndiye anayekurupuka na kukumbatia begi lake. Nje, wauza asali wanapita dirisha hadi dirisha wakiinua chupa juu ili abiria aone rangi. Asali ya miombo ya Tabora haihitaji kupigiwa debe.

Stesheni hii, kwenye jengo lililoachwa na Wajerumani, husifiwa kuwa ndiyo iliyoifanya Tabora njiapanda. Mimi naona sifa hiyo imepewa asiyestahili. Njiapanda ilikuwapo kabla ya reli. Katika karne ya 19, misafara ya pembe, nguo, shanga na watumwa ilikutana hapa Unyanyembe: njia moja ikienda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine ikishuka Katanga, ambako Msiri, mtu wa Unyamwezi, alijijengea dola. Waliobeba mizigo hiyo mabegani kwa miezi mitatu na zaidi walikuwa hasa Wanyamwezi, na kazi ya upagazi kwao ilikuwa ya kijana kujijengea jina.

Pengine abiria maarufu kuliko wote waliowahi kukwama Tabora ni David Livingstone. Alifika Kwihara, nje kidogo ya mji, Februari 1872 akiwa na mwandishi wa habari Stanley. Mwezi uliofuata Stanley alishika njia ya pwani ili akamtafutie wapagazi, naye mzee akabaki kwenye tembe akiwasubiri hadi Agosti.

Wajerumani waliuteka mji baada ya vita vikali na Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893 aliona bora ajilipue kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa. Ujenzi wa reli ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sehemu kubwa reli ilifuata njia ile ile ya misafara. Na waliolaza mataruma na kupasua udongo? Wengi walikuwa Wanyamwezi, wakijenga kwa mikono yao chombo kilichokuja kuwanyang'anya kazi ya mababu zao.

Reli haikukaa sana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilisafirishwa kwa reli hiyo vipande vipande ndani ya masanduku hadi Kigoma, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, koloni likiwa limezingirwa na fedha zimeadimika, Wajerumani waligeuza karakana ya reli jirani na Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo wakusanyaji wa sarafu bado wanaigombea minadani. Septemba 19, 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaingia Tabora.

Waingereza waliokuja baada yao ndio walioikamilisha njiapanda ya chuma. Tawi la Mwanza, lenye kilomita 380 hivi, lilimalizika 1928 na kuifungulia pamba ya Usukuma njia ya kwenda bandarini. Baadaye likaja tawi la Mpanda linaloanzia Kaliua, kwa ajili ya madini ya risasi. Wajerumani wao walikuwa na ndoto nyingine: kutoka Tabora, reli ielekee Rwanda. Vita viliikatiza ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Ndoto hiyo sasa imerudi kwa sura nyingine. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, wa Tabora hadi Isaka 2022, na mwishoni mwa mwaka huo huo wa Tabora hadi Kigoma. Isaka tayari ni bandari kavu ya mizigo ya Rwanda na Burundi, na mpango ni kuifikisha reli Kigali. Kwenye ramani za wahandisi wa leo, kama zilivyokuwa za Wajerumani, mistari inaachana pale pale Unyanyembe. Tofauti ni kwamba treni ya umeme haitakuwa na subira ya kukatwa mabehewa usiku kucha, na wauza asali watalazimika kutafuta namna nyingine ya kuwafikia wateja wao, maana madirisha ya mabehewa mapya hayafunguki.