Maoni ya Wakazi Katika Kuujenga Mji: Mafunzo Kutoka Basra na Kufa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad:

Katika miji yetu watu hulalamika kila siku: maji hayatoki, mitaro imeziba, njia zimemezwa na vibanda, taka hazizolewi. Maneno haya husemwa barazani na nje ya msikiti baada ya swala, kisha huishia hapo hapo. Wapo Waislamu wanaodhani kwamba kuzungumzia maji na mitaro ni siasa isiyomhusu mtu wa dini. Na wapo wenye mamlaka wanaodhani kwamba raia mwema ni yule anayenyamaza.

Taarikh ya Kiislamu haiziungi mkono dhana hizi mbili. Katika makala hii tutaitazama miji ya Basra na Kufa, iliyoasisiwa na maswahaba katika ardhi ya Iraq wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Tutauliza: ni nani aliyesema, ni nani aliyesikiliza, na yalitokea nini pale ambapo baadhi ya watu wa mji hawakusikilizwa?

Msingi uliowekwa Madina

Mwenyezi Mungu katika Suratush-Shura, aya ya 38, amewasifu waumini kwamba jambo lao hushauriana baina yao, na akaitaja sifa hiyo baina ya kusimamisha swala na kutoa. Mtume (s.a.w.), pamoja na kuteremshiwa wahyi, alipokea rai za watu wake katika mambo ya maisha yao. Mwaka wa 5 Hijria mji wa Madina ulipokabiliwa na majeshi ya makabila, handaki lilichimbwa kwa rai ya Salman Al-Farisi (r.a.), kama walivyopokea wanazuoni wa sira.

Na katika Sahihi Bukhari, Jabir bin Abdillah (r.a.) anasimulia kuwa mwanamke mmoja wa Kiansari alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anaye kijana wake seremala, basi je, amtengenezee kitu cha kukalia? Mtume (s.a.w.) akaikubali rai yake, na mimbari ikatengenezwa. Mwanamke yule hakuwa na cheo. Aliona haja, akaona na njia ya kuitimiza, akasema.

Kuasisiwa kwa Basra na Kufa

Basra iliasisiwa na Utba bin Ghazwan (r.a.) kwa idhini ya Sayyidna Umar. Wanahistoria wamekhitalifiana juu ya mwaka wenyewe, na kauli zao ziko baina ya mwaka wa 14 na 17 Hijria. Kufa iliasisiwa na Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) mwaka wa 17 Hijria, sawa na 638 Miladia.

Sababu ya kuhamia Kufa yatosha kuwa funzo. Waislamu walikuwa wamekaa Madain, mji mkuu wa Wafursi, wenye majumba na neema. Lakini hali ya hewa haikuwafaa. Wajumbe walipofika Madina, Sayyidna Umar aliona miili imedhoofu na rangi zimebadilika, akauliza sababu, akaambiwa ni hewa ya mji. Akaagiza watafutiwe mahali pengine, pasiwe na bahari wala daraja baina yake na wao. Salman na Hudhayfa (r.a.) wakatumwa kutafuta, na hapo ndipo Kufa ilipochaguliwa. Afya ya wakazi ilitosha kuwa sababu ya kuuacha mji wa wafalme.

Hoja ya Ahnaf bin Qays juu ya maji

Basra ilikuwa na taabu yake. Ardhi yake ilikuwa ya chumvi na majimaji, upande mmoja jangwa na upande mwingine bahari, na maji matamu yako mbali. Ahnaf bin Qays At-Tamimi, tabiina aliyesifika kwa upole na busara, alikwenda Madina pamoja na ujumbe wa watu wa Basra. Balaadhuri (aliyefariki mwaka 279 Hijria) ameyataja maneno yake katika kitabu chake cha Futuhul-Buldan.

Kwa muhtasari, Ahnaf alimweleza Khalifa kwamba ndugu zao wa miji mingine wamekaa katika mito na mabustani ya wafalme waliotangulia, na wao wamekaa katika nchi ya chumvi isiyokauka wala kuotesha malisho. Kisha akamweleza hali ya wanyonge: mtu dhaifu hutembea farsakhi mbili, yaani karibu kilomita 11, kutafuta maji matamu. Na mwanamke aendapo kuteka maji humfunga mwanawe kama afungwavyo mbuzi, kwa kuchelea adui na mnyama mkali.

Tuangalie namna alivyoijenga hoja yake. Hakusema kwamba yeye, kiongozi wa Bani Tamim, ana kiu. Alimtaja mama na mtoto, ambao wasingeweza kufika Madina kujisemea wenyewe. Tena hakusema kwa ujumla kwamba hali ni mbaya, bali alitaja umbali, akamtaja anayetaabika na hatari inayomkabili.

Sayyidna Umar akaongeza atiya zao, na akamwandikia liwali wake, Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.), awachimbie watu wa Basra mfereji. Ukachimbwa kutoka upande wa Ubulla, mwendo wa farsakhi tatu. Baadaye mifereji iliongezeka, na mmoja uliomashuhuri ukaitwa kwa jina la swahaba Ma'qil bin Yasar (r.a.). Mji ambao ungeweza kuhamwa kwa kiu ukawa bandari kubwa na kituo cha elimu, mji wa Hasan Al-Basri na Khalil bin Ahmad.

Imepokewa vilevile kwamba Sayyidna Umar alimzuia Ahnaf mwaka mzima Madina ili amchunguze, kwa kuchelea asije akawa mnafiki mwenye ulimi fasaha. Hili nalo ni funzo: mwenye hoja husikilizwa, na msemaji mwenyewe huchunguzwa.

Moto, matofali na upana wa njia

Nyumba za mwanzo za miji hii zilikuwa za matete. Tabari (aliyefariki mwaka 310 Hijria) anapokea kwamba moto ulitokea katika miji yote miwili, nao wa Kufa ukawa mkali zaidi, vikaungua vibanda 80. Watu wakatuma wajumbe kwa Sayyidna Umar kuomba ruhusa ya kujenga kwa matofali ya udongo. Akawaruhusu, kwa sharti kwamba mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kwa kurefusha majengo.

Ombi lilitoka kwa walioungua, na ruhusa ikaja pamoja na kipimo. Ndipo mji ukapangwa: njia kuu dhiraa 40, zinazofuatia dhiraa 30, kisha dhiraa 20, na vichochoro dhiraa 7.

Inafaa msomaji ajue kuwa mengi ya mapokezi haya ya Kufa Tabari ameyapata kwa njia ya Sayf bin Umar, ambaye wanazuoni wa Hadithi wamemdhoofisha. Kwa hiyo tunayachukua kuwa ni habari za taarikh, si dalili ya hukumu. Ama hukumu, ipo Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu watu wakigombania njia, iwekwe dhiraa saba. Njia ya umma ni haki ya wote, na anayeibana amewadhulumu watu asioweza hata kuwahesabu ili awaombe msamaha.

Malalamiko juu ya kiongozi

Kusikiliza hakuna maana ya kukubali kila linalosemwa. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwa Jabir bin Samura (r.a.) kwamba watu wa Kufa walimshitaki Sa'd bin Abi Waqqas kwa Sayyidna Umar, mpaka wakadai kwamba haswalishi vizuri. Sa'd ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Hata hivyo Sayyidna Umar hakuwafukuza walalamikaji. Alimwita Sa'd, akamsikiliza, akapeleka wachunguzi Kufa. Wachunguzi hao hawakuacha msikiti wowote ila waliuliza habari zake. Misikiti yote ilimsifu, isipokuwa msikiti wa Bani Abs, ambako mtu mmoja alisimama akamtuhumu.

Sa'd aliondolewa katika uliwali. Lakini Sayyidna Umar alipokuwa katika majeraha ya kufa kwake, mwaka wa 23 Hijria, alimweka Sa'd miongoni mwa watu sita wa shura, na akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala khiyana. Haki ya raia ya kusema ilihifadhiwa, na heshima ya mtu mwema ikahifadhiwa pia. Tazama, ndugu msomaji, kwamba mahali palipoulizwa maoni ya mji palikuwa ni misikitini, mmoja baada ya mwingine.

Waliokuwa hawana wa kuwasemea

Sasa tuivuke miaka mia mbili turudi Basra. Ardhi ile ya chumvi aliyoilalamikia Ahnaf ilikuwa bado ipo. Matajiri waliitaka iwe mashamba, na kazi ya kukwangua tabaka la chumvi na kulirundika kando ilifanywa na watumwa, makundi kwa makundi, kwa chakula duni cha unga na tende. Wengi waliitwa Zanji, jina walilolitumia Waarabu kwa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ingawa watafiti wa leo wanaona kuwa walichanganyika na watu wa asili nyingine.

Hawa nao walikuwa wakazi wa nchi ya Basra. Mtume (s.a.w.) alikwisha kuusia, katika Hadithi ya Abu Dharr (r.a.) iliyomo katika Sahihi mbili, kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, walishwe tunachokula, wavishwe tunachovaa, wala wasikalifishwe wasiloliweza. Lakini hawakupata Ahnaf wa kuwasemea.

Mwezi wa Ramadhani mwaka 255 Hijria (869) wakainuka chini ya mtu aliyeitwa Ali bin Muhammad. Mwezi wa Shawwal mwaka 257 (871) wakaingia Basra, wakaua watu wengi, na msikiti wa Ijumaa ukachomwa moto. Vita havikwisha mpaka mwaka 270 (883). Hatuyatetei yaliyofanyika: damu zisizo na hatia zilimwagwa, na walioasi utumwa wakafanya wengine watumwa. Dhulma haiondolewi kwa dhulma. Lakini mwanazuoni anayeisoma habari hii akaishia kuwalaani walioasi, asiulize hali yao ya kabla, ameisoma nusu yake.

Kauli ya mafakihi

Karibu miaka mia moja baada ya maafa hayo, mwaka 364 Hijria, alizaliwa Basra Imam Abul-Hasan Al-Mawardi, katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu. Katika Al-Ahkamus-Sultaniyya, mlango wa hisba, ameieleza hukumu ya mji ambao maji yake ya kunywa yamekatika, au ukuta wake umebomoka, au misikiti yake imeharibika.

Anasema, kwa maana, kwamba Baitul Mal ikiwa na mali, matengenezo ni juu yake, wala wakazi hawalazimishwi kutoa. Isipokuwa na mali, amri inawaelekea wenye uwezo wote wa mji kwa pamoja, wala haelekezewi mtu mmoja peke yake. Wakianza wenyewe, muhtasib hana tena la kuwaamrisha. Na hawahitaji idhini ya kutengeneza. Ila wakitaka kubomoa kinachowahusu watu wote, kama ukuta wa mji au msikiti wa Ijumaa, ili wajenge upya, hapo ni lazima wapate idhini ya mwenye mamlaka.

Mpangilio huu unagawa majukumu kwa uadilifu. Kiongozi hawezi kuwatupia raia mzigo wa hazina, na raia hawezi kukaa akiwalaumu viongozi ilhali mtaro wa mtaa wake ungezibuliwa kwa nguvu za majirani.

Mafunzo

Kwanza, mwenye kusema na aseme kama Ahnaf: ataje mahali, umbali, na nani anayeumia. Lalamiko la jumla ni rahisi kulipuuza.

Pili, imamu na kamati ya msikiti wanaweza kuwauliza waumini wao, wanawake wakiwemo, kuhusu shida za mtaa, wakaziandika na kuzifikisha panapohusika. Misikiti ya Kufa ilifanya kazi hiyo.

Tatu, tuulize ni nani hayumo katika kikao: mchota maji, mzoa taka, mpangaji wa chumba kimoja bondeni, msichana wa kazi. Basra ilijengwa kwa kusikilizwa mama aliyemfunga mwanawe, na iliangamia mikononi mwa watu ambao hakuna aliyeuliza wanakula nini.

Nne, penye uwezo tuanze wenyewe, na pahitajipo idhini tuiombe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aitengeneze miji yetu na nyoyo zetu, awape viongozi wetu masikio ya kusikia, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaowasemea wanyonge. Amin. Wabillahi tawfiq.