Tumbili Aliyenifunza Kukadiria

Leo naweka kando mambo ya Linux na PHP niwasimulie jambo ambalo limeninyima usingizi siku kadhaa: utajuaje mchezaji wa besiboli atafanya nini katika msimu ambao haujaanza?

Kwa wale wasioufahamu mchezo huu wa ligi za kubuni, ni ndugu ya ile fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza tunayocheza hapa Kenya. Mwaka wa 1980, Daniel Okrent na wenzake wa New York walifanya mnada wao wa kwanza. Ligi yao waliiita Rotisserie, kutokana na mkahawa wa La Rotisserie Française walikokuwa wakikutana. Kanuni iliyokuja kuzoeleka ni hii: kila mmoja ana dola 260 za kununua wachezaji 23. Mkiwa 12, hizo ni dola 3,120 kwa wachezaji 276. Na kwa kuwa mnada hufanyika kabla ya msimu, hununui alichofanya mchezaji mwaka jana. Unanunua atakachofanya.

Rafiki yangu wa chuo, ambaye siku hizi anaishi Chicago, aliniingiza katika ligi yake. Nikajiona mjuzi, maana digrii ya kompyuta si ya bure! Nikaandika programu ya kusoma takwimu za msimu uliopita na kuzigeuza kuwa bei. Ikaniambia nitoe dola 31 kwa kijana mmoja aliyewika kwa miezi miwili tu. Nikatoa. Kufikia Juni kijana yuko benchi, nami navuta mkia.

Ndipo nikaanza kusoma walivyofanya walionitangulia. Mwaka wa 2003, Baseball Prospectus walianza kuchapisha makadirio ya PECOTA. Mfumo huo uliundwa na Nate Silver, na ulimlinganisha kila mchezaji na wachezaji wa zamani waliofanana naye, kisha ukatoa si jibu moja bali mengi, toka baya hadi zuri.

Mwaka uliofuata, Tom Tango akaleta kitu cha kuchekesha. Aliuita mfumo wake Marcel, jina la tumbili wa kipindi cha televisheni cha Friends, akimaanisha kwamba hata tumbili angeuweza. Chukua misimu 3 iliyopita. Wa karibuni uzidishe kwa 5, wa kabla yake kwa 4, wa mbali kwa 3. Changanya na mara 1,200 za mpigaji wa wastani wa ligi. Mwisho, aliye chini ya miaka 29 muongezee kidogo, aliyezidi mpunguzie. Basi!

Ajabu ni kwamba mifumo mikubwa ilipopimwa na tumbili huyu, mara nyingi haikumwacha mbali.

Siri iko kwenye zile 1,200. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini kijana wangu hakutia maji chochote. Bahati tu ilimwisha. Alikuwa amesimama kupiga mara 200 hivi, katika msimu mmoja. 200 mara 5 ni 1,000. Ukijumlisha na 1,200 unapata 2,200. Yaani asilimia 45 ya makadirio ndiyo yake, na 55 ni ya ligi nzima. Programu yangu ilimpa 100.

Kosa hilo ndilo nililokuwa nikifanya kazini. Mradi mmoja ulikwenda vizuri, nikamwahidi bosi kwamba unaofuata utachukua wiki tatu. Ulichukua miezi mitatu, na wenzangu wawili wakakosa likizo ya Krismasi kwa sababu yangu.

Siku hizi, kabla ya kuamini programu yoyote ya kukadiria, naipambanisha kwanza na tumbili. Ikishindwa, naitupa.

Je, wewe hukadiria vipi kazi zako? Nipe maoni yako hapo chini. Tuonane wiki ijayo!