Greihaundi: Mbwa Aliyefukuza Sungura wa Bandia

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wahenga hawakuwa wakimfikiria mbwa waliposema hivyo, lakini sijaona methali inayomfaa greihaundi kuliko hiyo. Huyu ni yule mbwa mrefu, mwembamba, mwenye kifua kikubwa na tumbo lililoingia ndani utadhani ameshinda njaa tangu juzi. Akiwa amesimama unaweza kumwonea huruma. Ngoja akimbie! Anafikia kilomita 70 kwa saa, na hakuna aina nyingine ya mbwa inayompita. Swali langu leo ni moja tu, msomaji: mbio zote hizo zimemnufaisha nani?

Kwanza tuutazame mwili wake. Ana moyo mkubwa, na damu yake imejaa chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni, kuliko damu ya mbwa wengine. Mgongo wake hujikunja na kujinyoosha kama upinde. Katika kila hatua moja kamili ya mbio, miguu yote minne huwa hewani mara mbili: mara moja akiwa amejinyoosha, mara nyingine akiwa amejikunja. Farasi hufanya hivyo mara moja tu. Tena si mbwa wa kunusanusa huyu. Yeye huwinda kwa macho. Akiona kitu kinakimbia, tayari ameondoka. Lakini mbio zake ni za muda mfupi, nusu dakika hivi, kisha basi. Ngozi yake ni nyembamba na mafuta hana, kwa hiyo baridi ikipiga anatetemeka. Na akiwa nyumbani, kumbe ni mpole na mvivu ajabu. Sehemu kubwa ya mchana anaupiga usingizi.

Alitoka wapi? Wengi watakwambia Misri, eti kwa kuwa mbwa wembamba kama yeye wamechorwa katika makaburi ya kale ya huko. Ni hadithi tamu. Lakini wataalamu waliopima vinasaba vya mbwa wa aina nyingi, wakatoa matokeo yao mwaka 2004, walikuta greihaundi wa leo yuko karibu zaidi na mbwa wa wachungaji wa Ulaya kuliko na saluki, mbwa wa kale wa Mashariki ya Kati. Kufanana sura si udugu.

Aliyemweleza vizuri zamani mbwa wa namna hii ni Arrian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya pili, wakati wa utawala wa Warumi. Aliandika kitabu juu ya kuwinda kwa mbwa wenye mbio waliofugwa na Waselti wa Ulaya. Mwenyewe alikuwa na mbwa wake, Horme, aliyempenda kama mtu wa nyumbani. Arrian alisema mwindaji wa kweli hawatoi mbwa ili sungura auawe, bali ili autazame ushindani wao, na sungura akiponyoka hufurahi. Neno hilo lishike, tutalirudia.

Uingereza ilimfanya greihaundi mbwa wa wakubwa. Mwishoni mwa karne ya 14, miaka michache tu baada ya maasi ya wakulima ya mwaka 1381, Mfalme Richard wa Pili alipitisha sheria: mtu wa kawaida asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka haruhusiwi kumfuga. Sheria yenyewe ililalamika kwamba siku za sikukuu, Wakristo wema wakiwa kanisani, mafundi na vibarua wanaingia kuwinda katika mashamba ya mabwana, na huko wanapata nafasi ya kula njama. Unaona, bwana? Mbwa mwenye mbio mkononi mwa maskini ni kitoweo, na wenye nchi waliogopa hata kitoweo hicho.

Baadaye wakubwa waliufanya uwindaji mchezo wenye kanuni. Mwaka 1776 Lord Orford alianzisha klabu huko Swaffham. Mbwa wawili walifunguliwa nyuma ya sungura mmoja, na mwamuzi akawapa alama. Mwaka 1836 likaanza shindano kubwa la Waterloo Cup. Master McGrath, mbwa kutoka Ireland, alilishinda mara tatu, 1868, 1869 na 1871, hata akapelekwa kwa Malkia Victoria.

Kisha ikaja mashine. Mwaka 1876 huko Hendon, London, walijaribu kuvuta sungura wa bandia katika njia iliyonyooka, lakini watu hawakuvutiwa. Ni Mmarekani Owen Patrick Smith aliyemtengenezea sungura huyo uwanja wa mviringo na kumwendesha kwa mota ya umeme. Tarehe 24 Julai 1926 mbio hizo zilianza Manchester, katika uwanja wa Belle Vue, mbele ya watazamaji 1,700 hivi. Mchezo ukawaka moto. Mfanyakazi aliyetoka kiwandani jioni, ambaye babu zake walikatazwa kumfuga mbwa huyu, sasa aliweza kumwekea dau. Mick the Miller aliposhinda Derby ya Uingereza mwaka 1929 na 1930 alikuwa maarufu kama mcheza filamu. Leo mwili wake, umekaushwa na kujazwa, umesimama katika jumba la makumbusho huko Tring.

Hata Afrika Mashariki iliguswa na kichaa hicho. Mwaka 1937 Mwingereza Kenneth Gandar-Dower aliwapeleka duma kutoka Kenya wakimbie katika uwanja wa Romford, karibu na London. Mbio walikuwa nazo za kumwacha greihaundi mbali. Hamu ya kushindana ndiyo hawakuwa nayo, na mchezo huo haukudumu. Labda duma alielewa mapema kuwa sungura yule haliwi.

Greihaundi hakuelewa, au alielewa lakini damu ikamsukuma. Alizunguka na kuzunguka, mwenye uwanja akapata, mwenye dau akapata au akakosa, na yeye akafika ukingoni. Mbwa wa mashindano humaliza kazi akiwa na miaka mitatu, minne au mitano, ilhali anaweza kuishi hata miaka 12. Hapo ndipo wengi waliuawa. Mwaka 2006 gazeti moja la Uingereza lilifichua kuwa mtu mmoja kaskazini mwa nchi hiyo aliua maelfu yao kwa ujira mdogo na kuwafukia shambani kwake. Watu walishtuka. Mwaka 2018 wapiga kura wa Florida waliamua mbio hizo zikome kufikia mwisho wa 2020, na mwaka huohuo wa 2018 uwanja wa Macau ulifungwa.

Sasa wapo wanaowachukua mbwa waliostaafu. Wanasema wengine hawajawahi kupanda ngazi wala kuona kioo, inabidi wafundishwe, na baada ya siku chache wanalala juu ya makochi kama wenye nyumba. Arrian alifurahi sungura alipoponyoka. Baada ya karne zote hizo, tumfurahie basi na mbwa aliyeponyoka.