Prosesa mpya, Windows ya zamani: kagua haya kabla ya kutoa pesa

Duka la kuchapa na kutoa kopi, kituo cha vijana au shule inaweza kuwa na sababu nzuri ya kubaki na Windows ya zamani. Huenda programu ya hesabu ilishalipiwa, au skana haina draiva za Windows mpya. Kompyuta inapokuwa nzito, ushauri wa kwanza mara nyingi ni kubadilisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Lakini si kila prosesa mpya inakubaliana na Windows ya zamani, na kurudishiwa pesa baada ya kununua si rahisi. Makala haya yanaeleza mambo ya kukagua kwanza.

Kwa ufupi

- Windows 7: chagua prosesa ya Intel Core isiyozidi kizazi cha 6. Kwa upande wa AMD, epuka Ryzen.
- Windows 10: inafanya kazi na vizazi vya zamani na vingi vya karibuni.
- Windows 11: inahitaji Intel Core kizazi cha 8 au zaidi, au AMD Ryzen, nyingi zikiwa za kuanzia mfululizo wa 2000.

Maana yake ni kwamba hakuna prosesa moja ambayo Microsoft inaikubali rasmi kwa Windows 7 na Windows 11 pamoja. Kabla ya kununua, amua kwanza unaelekea wapi: unabaki nyuma kwa sababu ya programu yako, au unasonga mbele?

Kwa nini Windows 7 inaishia kizazi cha 6?

Januari 2016 Microsoft ilitangaza kuwa prosesa mpya zitahitaji Windows ya wakati huo. Intel kizazi cha 7 na AMD Ryzen zikawekwa upande wa Windows 10. Mwaka 2017, kompyuta zenye prosesa hizo zilizowekewa Windows 7 zilianza kukataliwa masasisho. Kwa hiyo fundi anaweza kukuonyesha Windows 7 ikiwaka kwenye prosesa mpya, lakini kuwaka peke yake hakutoshi: draiva zinaweza kukosekana.

Nitajuaje kizazi cha prosesa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Utaona toleo la Windows, jina la prosesa na modeli ya kompyuta. Kwa prosesa za Intel Core, angalia namba baada ya kistari. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-3470 ni cha 3, na i5-10400 ni cha 10. Ikiwa na tarakimu tatu tu, kama i5-650, ni kizazi cha 1.

Usidanganywe na "i3", "i5" au "i7" peke yake. Muuzaji akikwambia "ni i5", bado hujajua umri wake.

Je, itaingia kwenye mashine yangu?

Prosesa hukaa kwenye soketi ya ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi. Soketi zisipolingana, haiwezekani. Intel vizazi vya 2 na 3 hutumia soketi ya LGA 1155, kizazi cha 4 hutumia LGA 1150, na vizazi vya 6 na 7 hutumia LGA 1151. Vizazi vya 8 na 9 pia vimeandikwa LGA 1151, lakini havifanyi kazi kwenye mazabodi zilizotengenezwa kwa kizazi cha 6.

Hata soketi ikilingana, mazabodi inaweza kuhitaji BIOS mpya ili iitambue prosesa. BIOS isasishwe wakati prosesa ya zamani bado imo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa, hivyo ifanyike pale penye umeme wa uhakika au betri.

Kuruka kutoka kizazi cha 3 hadi cha 6 kunahitaji mazabodi nyingine, na mara nyingi RAM nyingine pia, kwa sababu DDR3 na DDR4 haziingiliani. Hapo linganisha gharama yote na bei ya kompyuta nzima iliyotumika.

Kwenye laptopu nyingi, hasa nyembamba, prosesa imechomewa kwenye mazabodi na haibadilishwi.

Kibodi na kipanya kuzima wakati wa kusakinisha

Hili huwashangaza wengi wanaoweka Windows 7 kwenye mashine za kizazi cha 6. Diski ya Windows 7 haina draiva za USB 3.0, kwa hiyo usakinishaji unaanza halafu kibodi na kipanya havijibu. Mashine haijaharibika. Tumia kibodi ya mlango wa duara kama ipo, au mwombe fundi aongeze draiva hizo kwenye flashi kabla ya kuanza.

Kwa wanaotumia sola

Angalia herufi ya mwisho. i5-6500 imepangiwa wati 65, lakini i5-6500T imepangiwa wati 35. Yenye T ni ya polepole kidogo, ila kwa kuchapa, kuskani na masomo inatosha, na betri itakaa zaidi.

Usalama wa taarifa za watu

Masasisho ya kawaida ya Windows 7 yalikoma Januari 14, 2020, na ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Hatari yake ilionekana Mei 2017, pale virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya watu duniani kote na kudai malipo. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ingawa sasisho la kuvizuia lilitolewa Machi mwaka huo.

Duka linaloskani vitambulisho, vyeti na karatasi za usajili wa wakimbizi linabeba siri za watu. Ukilazimika kubaki na Windows 7, itenge na intaneti, na ufute nakala za wateja kazi ikiisha. Mambo ya mtandaoni yafanyike kwenye mashine nyingine.

Je, kweli unahitaji prosesa?

Mara nyingi uzito unatokana na diski ya zamani inayozunguka. Kuweka diski ya SSD na kuongeza RAM hadi GB 8 kunaweza kuifufua mashine bila kugusa prosesa. Kumbuka kuwa Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 za RAM.

Muulize muuzaji

1. Namba kamili ya prosesa ni ipi?
2. Soketi ni ipi, na modeli ya mazabodi yangu inaikubali?
3. Kuna draiva za picha, sauti na mtandao za Windows ninayotumia?
4. Naweza kuijaribu hapa na programu yangu kabla ya kulipa?
5. Ikikataa, utarudisha pesa? Andika kwenye risiti.