Somo la Leo: Muwa, Asali na Sukari ya Dukani

Mama mmoja wa darasa la Kasingirima ameuliza hivi: "Wazee wetu walikula asali na miwa. Mbona sisi twaambiwa tupunguze sukari?" Swali hili ni jema. Ili tulijibu, yafaa tujue kwanza historia ya utamu huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika.

Bwana Burton na mwenzake Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Walikuta soko kubwa, na miwa ilikuwa ikiuzwa sokoni humo. Asali ilirinwa katika misitu ya Uha. Basi mtu aliyetaka utamu alitoa jasho kwanza. Alipanda mti akaumwa na nyuki, au alimenya muwa akautafuna mpaka mataya yakachoka.

Katika karne hiyo sukari ilikuwa ikitengenezwa mbali, pwani ya Pangani. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa huko. Kazi ngumu ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Msisahau kwamba njia ya misafara ya watumwa kutoka Ujiji ilielekea pwani pia.

Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma. Safari ya miezi kwa miguu ikawa safari ya siku chache. Mwaka 1936 kiwanda cha TPC, Arusha Chini karibu na Moshi, kilianza kutoa sukari. Kilombero kikafuata mwaka 1962. Sukari ikaingia katika chai, uji na maandazi. Tuliizoea hata ilipoadimika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipanga foleni ili kuipata.

Sasa tazameni jambo hili. Kilo 1 ya sukari hutoka katika kilo 10 hivi za miwa. Kiwandani maji ya muwa hukamuliwa na kuchemshwa, na makapi huondolewa. Je, nani aweza kutafuna kilo 10 za miwa? Lakini kilo 1 ya sukari nyumba moja huimaliza upesi, wala hakuna anayeona kuwa amekula kitu. Embe au ndizi ina nyuzinyuzi na maji. Hujaza tumbo, na utamu wake huingia mwilini polepole. Sukari ya kikombeni huingia mbio.

Je, asali haina madhara? La. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliihesabu asali na maji ya matunda pamoja na sukari. Lilisema mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai. Na ni bora zaidi zisizidi 25. Wazee hawakulindwa na asali. Walilindwa na uhaba wake, na jembe, na kasia.

Uchunguzi uliofanywa vijijini Tanzania katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika mtu mzima 1 katika 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta 9 hivi katika 100. Vipimo havikulingana kabisa, lakini tofauti ni kubwa. Wala msiseme kwamba sukari peke yake ndiyo iletayo kisukari. Unene, kukaa bila kazi ya mwili, na urithi wa ukoo pia humo. Lakini sukari nyingi hunenepesha, tena huozesha meno.

Basi mama, jibu ni hili: usiuogope utamu, bali uhesabu.

Maswali
1. Reli ilifika Kigoma mwaka gani? Ilibadili nini?
2. Kwa nini muwa hautuletei sukari nyingi kwa mara moja?
3. Juma hunywa vikombe 5 vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko 3 vya sukari. Jumla ni vijiko vingapi? Je, amezidisha?
4. Leo jioni hesabu vijiko vya nyumbani kwako, uandike katika daftari.