Toba Ianze Kwetu

 

Leo tungependa kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo mara nyingi twayatenga, yaani kutubu na kutiana moyo. Twadhani kwamba kutubu ni kazi ya mwenye dhambi, na kutia moyo ni kazi ya mtu mwema. Lakini mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 3, mstari wa 13, ayaunganisha yote mawili. Atutaka tusiache siku hata moja ipite bila kusaidiana kwa maneno, kwa sababu dhambi ina hila, nayo huufanya moyo wa mtu kuwa kama jiwe, pole pole, bila yeye mwenyewe kujua. Tena hasemi kwamba ni moyo wa jirani tu. Ni wa yeyote kati yetu.

Jambo hili si la zamani za mitume peke yake. Na tuangalie lilivyotokea katika nchi zetu wenyewe.

Mwezi wa Septemba 1929, daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Joe Church alifika Kampala akitoka Gahini, mashariki ya Rwanda. Alikuwa amechoka sana. Njaa kuu ya miaka ya 1928 na 1929 ilikuwa imeua watu wengi huko, na hospitali yake ilikuwa imelemewa. Lakini uchovu wake haukuwa wa mwili tu. Aliona kwamba kazi ilikuwapo na ibada zilikuwapo, bali yeye mwenyewe alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake.

Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye mashamba, aliyekuwa na kazi nzuri serikalini katika mambo ya afya. Huyu naye alikuwa Mkristo mwenye njaa ya moyoni. Kwa siku mbili watu hao wawili walikaa wakiisoma Biblia na kuomba, wakitafuta mafundisho yake juu ya Roho Mtakatifu.

Tufikirie jambo hilo, ndugu zangu. Zilikuwa siku za ukoloni. Kwa desturi ya siku zile, Mzungu alifundisha na Mwafrika alisikiliza. Lakini hapo wote wawili walikuwa wanafunzi wa Mwalimu mmoja. Kila mmoja alikiri upungufu wake mwenyewe, na hivyo kila mmoja akamtia mwenzake moyo. Baadaye Nsibambi aliiacha kazi yake ya serikali, akawa mhubiri katika mji wa Kampala, na ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kuwa mwalimu.

Huko Gahini mambo hayakuwa mema. Palikuwa na uchungu kati ya wafanyakazi wa hospitali na wakubwa wao. Msaidizi mkuu, Yosiya Kinuka, alikuwa karibu kuondoka. Alipokwenda Kampala akamwona Nsibambi, alieleza mabaya yote ya hospitali ile. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba chanzo cha taabu hiyo ni dhambi iliyo ndani ya moyo wake yeye Yosiya. Neno hilo lilimchoma. Lakini njiani, akirudi nyumbani, alijitoa kwa Kristo. Alifika Gahini mtu mwingine, na baada ya miaka akawa mchungaji wa kanisa.

Je, Nsibambi alimvunja moyo Yosiya? Sivyo. Alimtia moyo kweli kweli, kwa maana alimpa jambo analoweza kulifanya leo. Tukimwambia mtu kwamba taabu yake yote imeletwa na wengine, twamwacha amefungwa, maana hawezi kuwageuza wengine. Tukimwonyesha mlango wa toba, twampa njia ya kutoka. Lakini tukumbuke kwamba Nsibambi alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu alikuwa amepita mwenyewe katika mlango huo.

Mwishoni mwa mwaka 1933, watu walikusanyika Gahini kwa mkutano wa maombi. Mmoja alisimama akaungama dhambi zake mbele za wote. Akafuata mwingine, na mwingine, kwa muda mrefu. Moto ule ulienea Rwanda, Burundi na Uganda. Nayo toba ya watu hao ilikuwa na miguu na mikono. Aliyeiba alirudisha. Mwenye chuki alimwendea aliyemchukia. Mume alimwomba mke wake msamaha, jambo lililowashangaza majirani kuliko mahubiri yote.

Blasio Kigozi alikuwa na neno moja kwa kanisa, nalo kwa Kiganda ni Zukuka, yaani Amka. Alikwenda Kampala mwezi wa Januari 1936 ili aupeleke ujumbe huo mbele ya sinodi, lakini aliugua akafa huko huko. Hata hivyo neno lake halikuzikwa pamoja naye. Kanisa la Uganda lilitumia neno hilo katika mikutano yake.

Mwaka 1937 kikosi cha ndugu hao kilifika hapa Kenya, katika mkutano wa Kabete. Tangu hapo wimbo wa Tukutendereza umeimbwa katika vijiji vyetu. Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikaa pamoja katika ushirika, Mkikuyu na Mjaluo wakiitana ndugu.

Ushirika huo ulijaribiwa vikali. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wengi wa ndugu hawa walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Yesu. Wengi wao pia walikataa kuchukua silaha za serikali ya wakoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine waliuawa. Walisimamaje? Hakuna aliyesimama peke yake. Walizoea kukutana, kuungama na kuombeana, hata siku ya hofu ilipokuja kila mmoja alijua kwamba yuko mwenzake wa kumshika mkono.

Wapenzi, tukisimulia habari hizi, tusizipake sukari. Ndugu wale walikuwa na makosa yao pia. Wako waliofanya kuungama kuwa sheria, wakawapima wengine kwa wingi wa maneno yao. Wako waliojivuna, wakawaita wachungaji wao wafu. Walisahau walikoanzia. Toba ni maji ya kunawa mwenyewe, wala si fimbo ya kumpigia mwingine.

Sisi tunaozungumza nanyi tumelijua kosa hilo. Wakati mmoja tulikwenda watu watatu kumwonya ndugu aliyekuwa ameacha kuja kanisani. Tulikaa nyumbani kwake karibu saa nzima, tukamsomea mistari mingi. Alitusikiliza kwa adabu, akatupa chai, lakini Jumapili hakuja. Baadaye tulikumbuka kwamba alipofiwa na mama yake, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kulala matangani. Ilitubidi kurudi kwake, safari hii bila mistari, tukamwambia, "Ndugu, tumekukosea. Tusamehe." Alinyamaza kwa kitambo, kisha akalia. Hapo ndipo alipoanza kutueleza yaliyokuwa moyoni mwake.

Basi, tufanye nini? Kwanza, tusimwendee mtu na dhambi yake kabla ya kumwendea Mungu na dhambi zetu. Pili, tulipe tunachoweza kulipa. Ikiwa ni deni, turudishe. Ikiwa ni uvumi tuliouanzisha, twende tukaufute pale pale tulipousema. Tatu, tusingoje mkutano mkubwa. Habari hii ilianza kwa watu wawili na Biblia iliyofunguliwa. Hata leo, mke na mume waweza kuanza jioni hii, kabla ya taa kuzimwa. Wazee wawili wa kanisa wasiosalimiana waweza kuanza kesho.

Huenda unasikiliza nawe unamjua aliyerudi nyuma. Usimpelekee hukumu. Mpelekee ushuhuda wa jinsi Bwana alivyokuinua wewe ulipoanguka. Na kama wewe ndiwe uliyeanguka, usione haya kurudi. Walioko nyumbani kwa Baba nao waliingia kwa mlango uo huo wa toba.

Na tuombe. Bwana Yesu, anza na sisi. Tuonyeshe moyo wetu kabla hatujautazama wa ndugu yetu. Utuoshe, ututume kwa yule tuliyemkosea, na utupe neno la kumwinua aliyechoka. Amina.