Neno "Hasi" katika Kipimo cha Mtoto Mchanga

Mwaka 1930, huko New York, Tillett na Francis walieleza juu ya protini katika damu ya wagonjwa wa nimonia, iliyoungana na dutu C ya bakteria wa ugonjwa huo. Baadaye protini hiyo ilifanywa kipimo cha maambukizi, hata kwa watoto wachanga. Lakini ini huchukua saa kadhaa kuizalisha. Hivyo kipimo cha mapema huweza kuwa hasi ilhali maambukizi yamekwisha kuanza. Tena, uzazi wa taabu huweza kuiongeza pasipo maambukizi. Basi mfasiri aandikaye "mtoto hana maambukizi" badala ya "kipimo ni hasi" hutoa hukumu ambayo maabara haikuitoa, na tiba yaweza kukatizwa mapema. "Hasi" ni sifa ya kipimo, si ya mtoto.